Haki ya Kutoa Ushahidi: Historia ya Kura za Tuzo za Msimu katika Mpira wa Kikapu wa Kulipwa wa Marekani

Ligi ya mpira wa kikapu ya kulipwa ya Marekani, ambayo leo inajulikana duniani kote kwa herufi tatu za NBA, ilikuwa imekwisha kucheza misimu 9 tangu kuundwa kwake mwaka 1946 kabla ya kuanza kumtunuku mchezaji bora wa msimu mzima. Tuzo hiyo, ambayo watangazaji wa Afrika Mashariki huitaja zaidi kwa kifupi chake cha MVP, yaani mchezaji mwenye thamani kubwa kuliko wote, ilitolewa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa msimu wa 1955–56, na aliyeipokea alikuwa Bob Pettit wa timu ya St. Louis Hawks. Kombe lake lilikuja kubeba jina la Maurice Podoloff, aliyekuwa rais wa kwanza wa ligi, na lilibaki na jina hilo mpaka Desemba 2022 lilipobadilishwa na kuitwa kwa jina la Michael Jordan. Hata hivyo, jambo la msingi kuhusu tuzo hii halikuwahi kuamuliwa, kwa sababu ligi haikutoa maelezo rasmi ya maana ya thamani inayopimwa, wala haikusema kama inayohesabiwa ni wingi wa pointi, ushindi wa timu, ulinzi, au pengo ambalo mchezaji angeliacha kama asingekuwepo. Kwa kuwa kipimo kiliachwa wazi, uzito wote uliangukia kwa wapimaji, na ndiyo maana historia ya tuzo hizi ni historia ya mabishano kuhusu nani anastahili kupewa karatasi ya kura.

Katika miaka 25 ya kwanza karatasi hiyo ilikuwa mikononi mwa wachezaji wenyewe. Kila mchezaji wa ligi aliruhusiwa kumchagua aliyemwona bora, kwa sharti moja la busara kwamba asimpigie kura mwenzake wa timu moja, ili mapenzi ya nyumbani yasigeuzwe kuwa hukumu. Wakati huohuo waandishi wa habari za michezo na watangazaji walikuwa na uchaguzi wao mwingine, ambao ulianza tangu msimu wa kwanza wa ligi, wa kutaja Kikosi Bora cha Msimu, yaani orodha ya wachezaji watano wa kikosi cha kwanza na watano wa kikosi cha pili, waliokuja kupangwa kufuata nafasi zao uwanjani. Kwa hiyo kila mwaka msimu uleule ulitazamwa na mabaraza mawili, moja la waliocheza na jingine la walioandika, na kila baraza likatoa hukumu yake bila kulazimika kukubaliana na jingine.

Tofauti kati ya mabaraza hayo ilijitokeza mapema, na jina lililoifichua ni la Bill Russell, senta wa Boston Celtics, yaani mchezaji mrefu anayesimama karibu na kikapu kulinda na kugombea mipira inayorudi. Mwaka 1958 wachezaji walimchagua Russell kuwa bora kuliko wote, akawa mchezaji wa kwanza mweusi kupata heshima hiyo, lakini waandishi walimweka katika kikosi cha pili. Jambo hilohilo likajirudia mwaka 1961, na kisha tena mwaka 1962. Katika misimu hiyo mitatu, mtu ambaye wenzake walisema hana mpinzani katika ligi nzima alihukumiwa na vyombo vya habari kuwa hastahili hata kuwa miongoni mwa watano wa kwanza, na mvutano huo hauwezi kupuuzwa kuwa ni bahati mbaya ya hesabu.

Maelezo yake yanapatikana zaidi katika kile kilichokuwa kikiandikwa kwenye takwimu za wakati huo. Russell hakuwa mfungaji mkubwa, kwani kazi yake ilikuwa kuzuia mitupo ya wapinzani, kuwalazimisha kubadili njia, kuwatia hofu ya kukaribia kikapu, na kuanzisha mashambulizi ya haraka ya Celtics kwa kuunyakua mpira uliorudi. NBA haikuanza kuweka hesabu rasmi ya mitupo iliyozuiwa na mipira iliyopokonywa mpaka msimu wa 1973–74, miaka minne baada ya Russell kustaafu, na hii ina maana kwamba sehemu kubwa ya kazi ya mlinzi mkuu wa enzi ile haikuingia katika jedwali lolote ambalo mwandishi angeweza kulifungua mezani kwake. Waliojua ni wale waliokwenda kurusha mpira wakaukuta mkono wake hewani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wachezaji wa miaka ile walikuwa wamekilalia kitanda cha Russell usiku baada ya usiku, katika ligi ndogo ya timu 8 au 9 ambamo kila timu ilikutana na Boston mara nyingi kwa msimu mmoja.

Msimu wa 1961–62 unastahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa hakuna msimu mwingine uliowapa wapiga kura mtihani mgumu kama ule. Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors alifunga wastani wa pointi 50.4 kwa mchezo na kunyakua ribaundi (mipira inayorudi) 25.7, na tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, Pennsylvania, alifunga pointi 100 katika mchezo mmoja, rekodi ambayo haijafikiwa na yeyote. Oscar Robertson wa Cincinnati Royals alimaliza msimu akiwa na wastani wa pointi 30.8, ribaundi 12.5 na asisti (pasi za kufungia) 11.4, yaani wastani wa tarakimu mbili katika safu tatu kwa mpigo, jambo ambalo halikurudiwa kwa miaka 55. Pamoja na hayo yote wachezaji walimchagua Russell, ambaye timu yake ilishinda michezo 60 na kupoteza 20, na kuwaweka Chamberlain na Robertson nyuma yake. Waandishi waliwapa Chamberlain na Robertson nafasi katika kikosi cha kwanza na kumshusha Russell. Msomaji wa leo anayepitia takwimu pekee atawaona waandishi kuwa na haki, lakini anayekumbuka kuwa Celtics walitwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13 ya Russell atapata shida kuamini kwamba wachezaji walikosea. Ukweli ni kwamba kila baraza lilitoa ushahidi sahihi wa kile lililokuwa limekiona, na tuzo ya wachezaji ndiyo iliyohifadhi kwa vizazi vilivyofuata habari ambayo namba zingeipoteza kabisa.

Baraza la wachezaji lilikuwa pia na tabia zake. Lilikuwa tayari kusamehe mambo ambayo wengine wangeyahesabu kuwa kasoro, kwa mfano mwaka 1976 lilipompa tuzo Kareem Abdul-Jabbar ilhali timu yake ya Los Angeles Lakers ilishinda michezo 40, ikapoteza 42, na haikufuzu kwa hatua ya mtoano, au mwaka 1978 lilipomchagua Bill Walton wa Portland aliyecheza michezo 58 tu kati ya 82 kwa sababu ya jeraha la mguu. Abdul-Jabbar ndiye pia aliyepokea tuzo ya mwisho iliyopigiwa kura na wachezaji, ile ya msimu wa 1979–80, ambayo ilikuwa ya sita kwake na ambayo imemfanya aendelee kuongoza orodha ya washindi. Kuanzia msimu wa 1980–81 ligi iliwanyang’anya wachezaji kura hiyo na kuikabidhi kwa jopo la waandishi na watangazaji wa Marekani na Kanada, na mshindi wa kwanza wa utaratibu mpya akawa Julius Erving wa Philadelphia 76ers.

Utaratibu huo mpya ulikuja na hesabu yake. Kila mpiga kura huorodhesha majina matano, ambapo la kwanza hupata pointi 10, la pili 7, la tatu 5, la nne 3 na la tano 1, kisha pointi zote hujumlishwa. Njia ya kuchagua kwa kupanga nafasi na kujumlisha alama inahusishwa na mwanahisabati wa Ufaransa wa karne ya 18, Jean-Charles de Borda, na faida yake ni kwamba humtafuta mtu anayekubalika na wengi badala ya yule anayependwa sana na kundi moja huku makundi mengine yakimkataa. Faida hiyo ndiyo iliyoleta mgogoro mwaka 1990. Charles Barkley wa Philadelphia alipata kura 38 za nafasi ya kwanza, Magic Johnson wa Lakers akapata 27, na Michael Jordan wa Chicago akafuata, lakini kwa kuwa wengi wasiomweka Johnson wa kwanza walimweka wa pili, ilhali Barkley alisukumwa mpaka nafasi za tatu na za nne katika karatasi nyingi, Johnson alishinda kwa pointi 636 dhidi ya 614. Wapo wanaoliona tukio hilo kuwa dhuluma, wakisema kuwa aliyetajwa wa kwanza na watu wengi zaidi ndiye mshindi kwa akili ya kawaida. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inasahau kwamba Barkley naye hakuwa na nusu ya kura za kwanza, na kwamba katika mashindano ya watu watatu wanaokaribiana, kuwauliza wapiga kura mawazo yao kuhusu wote watatu ni haki zaidi kuliko kuwauliza kuhusu mmoja tu. Pale ambapo utaratibu huo ni dhaifu ni katika mwanya wa hila, kwani mpiga kura anayetaka mtu wake ashinde anaweza kumshusha mpinzani mkuu mpaka nafasi ya tano, au kumwacha nje kabisa, na kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kumjua.

Usiri huo ulipungua polepole. Mwaka 2000 Shaquille O’Neal wa Lakers alipata kura 120 kati ya 121 za nafasi ya kwanza, na mwaka 2013 LeBron James, aliyekuwa Miami, akapata idadi ileile ya 120 kati ya 121. Katika kila tukio mtu mmoja alizuia kura ya kauli moja: mara ya kwanza mtangazaji Fred Hickman aliyemchagua Allen Iverson, na mara ya pili Gary Washburn wa gazeti la Boston Globe aliyemchagua Carmelo Anthony. Wote wawili walijitokeza na kueleza sababu zao, wakashambuliwa vikali, ingawa kura zao hazikubadilisha matokeo hata kidogo. Kuanzia mwaka 2014 ligi iliamua kutangaza karatasi ya kila mpiga kura pamoja na jina lake, na miaka miwili baadaye, mwaka 2016, Stephen Curry wa Golden State akawa mchezaji wa kwanza kuchaguliwa kwa kauli moja, kura 131 kati ya 131. Curry alistahili, na msimu ule hakuna aliyemkaribia. Lakini ni vigumu kutoona kwamba mtu anayejua kuwa karatasi yake itasomwa na mamilioni kesho yake ana sababu zaidi ya kutembea na kundi. Uwazi uliwatoa wenye hila gizani, na papo hapo ukapandisha gharama ya kuwa na maoni ya peke yako.

Makocha nao walikuwa na baraza lao. Kwa miongo mingi walikuwa wakichagua Kikosi Bora cha Ulinzi, kila mmoja akizuiwa kuwapigia kura wachezaji wake mwenyewe, wakati tuzo ya Mlinzi Bora wa Msimu, iliyoanzishwa mwaka 1982–83, ilikuwa ya waandishi. Mwaka 1995 tuzo hiyo ilikwenda kwa Dikembe Mutombo, senta wa Denver Nuggets mzaliwa wa Kinshasa, ambaye baadaye aliipokea tena mwaka 1997, 1998 na 2001 na kuwa miongoni mwa walinzi waliotunukiwa zaidi katika historia ya ligi. Katika mwaka ule wa kwanza, hata hivyo, makocha walimweka Mutombo katika kikosi cha pili cha ulinzi na kumpa David Robinson wa San Antonio nafasi ya kwanza, ikawa mlinzi bora wa ligi nzima si senta bora wa ulinzi wa ligi hiyohiyo. Kioja hicho kilirudi mwaka 2012 kwa Tyson Chandler na mwaka 2013 kwa Marc Gasol, na baada ya hapo ligi ikawaondolea makocha kura hiyo na kuiweka pamoja na nyingine mikononi mwa vyombo vya habari. Kwa njia hiyo mkanganyiko ulikoma, lakini ulikoma kwa kunyamazishwa shahidi mmoja, na huyo alikuwa shahidi aliyelipwa mshahara kwa ajili ya kuchambua ulinzi wa wapinzani.

Mashabiki walipewa sehemu yao kwa tahadhari. Mwaka 2010 kura zao za mtandaoni zilianza kujumlishwa na kuhesabiwa kama karatasi moja tu ya MVP kati ya zaidi ya 100, mpango ambao baadaye uliachwa. Nguvu yao halisi ilikuwa kwenye mchezo wa nyota wote (All-Star) wa kila msimu, ambapo kwa muda mrefu wao ndio waliochagua wanaoanza, mpaka ligi ilipogawa kura hizo kuanzia 2017, nusu kwa mashabiki, robo kwa waandishi na robo kwa wachezaji. Robo ya wachezaji iliwasikitisha wengi waliotamani kurudi kwa enzi ya Russell, kwa sababu matokeo yalipotangazwa yalionyesha kura zikienda kwa marafiki na kwa watu ambao walikuwa hawapati hata dakika za kucheza. Lakini miaka miwili kabla yake, mwaka 2015, chama cha wachezaji kilikuwa kimeanzisha tuzo zake chenyewe, na pale ambapo waandishi walimchagua Curry, wachezaji walimchagua James Harden wa Houston. Uchaguzi huo unaonyesha kwamba wachezaji, wanapopewa swali wanalolichukulia kwa uzito, bado wana jibu lao lililo tofauti na la waandishi.

Mabadiliko makubwa kuliko yote hayakutokana na karatasi ya kura, yalitokana na mikataba ya kazi. NBA ina ukomo wa mishahara, yaani kiwango kinachowekwa kila mwaka cha fedha ambazo timu inatarajiwa kuwalipa wachezaji wake, na mshahara wa juu wa mchezaji mmoja ni asilimia fulani ya ukomo huo kulingana na miaka aliyotumikia. Katika makubaliano ya mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji iliwekwa kanuni iliyopewa jina la Derrick Rose, ambaye mwaka huo alikuwa MVP akiwa na umri wa miaka 22, iliyomwezesha kijana anayemaliza mkataba wake wa kwanza kupanda kutoka asilimia 25 mpaka 30 iwapo amepata tuzo zilizotajwa. Makubaliano ya mwaka 2017 yakafungua mlango mpana zaidi: mchezaji mwenye uzoefu wa miaka 7 mpaka 9 aliweza kulipwa asilimia 35 badala ya 30 na timu yake, kwa sharti la kuwa MVP, Mlinzi Bora, au kuingia katika Kikosi Bora cha Msimu. Tangu hapo mwandishi wa gazeti, ambaye hapo awali alikuwa akitoa heshima, akawa anatoa fedha.

Mwaka 2019 ulionyesha maana ya jambo hilo. Klay Thompson wa Golden State, aliyekuwa akikaribia mkataba mpya, hakuchaguliwa katika chochote cha vikosi bora vya msimu, ambavyo sasa vilikuwa vitatu, na kukosa huko kulimfungia mlango wa nyongeza ya takriban dola milioni 30 katika miaka mitano. Kemba Walker wa Charlotte, aliyechukua mojawapo ya nafasi za wachezaji wa nje (guard), ambazo Thompson naye aliziwania, katika kikosi cha tatu, akapata haki ya kudai mkataba wa dola milioni 221, haki ambayo timu yake haikuwa tayari kuitimiza na ambayo iliharakisha kuondoka kwake kwenda Boston. Ligi ilikuwa imekwisha kuona hatari upande mmoja, kwani tangu msimu wa 2016–17 iliwaondoa katika jopo watangazaji wanaoajiriwa na timu, na magazeti kama The New York Times na The Washington Post kwa upande wao yanawazuia waandishi wao kupiga kura, kwa msingi kwamba mwandishi hapaswi kuunda habari anayoiripoti. Msimamo wa magazeti hayo ni sahihi. Mtu anayekwenda chumba cha kubadilishia nguo kuomba mahojiano hawezi kuwa huru na mchezaji anayejua kuwa kalamu iliyo mbele yake ina uwezo wa kumnyima mamilioni, na hata mwandishi mwadilifu kuliko wote atabeba mzigo ambao hakuuomba. Kosa halikuwa kuwapa waandishi kura mwaka 1980. Kosa lilikuwa kuifanya kura ile, miongo mitatu baadaye, kuwa hundi.

Fedha ndizo pia zilizofanya kanuni za zamani zisivumilike tena. Mwaka 2021 na mwaka 2022 Joel Embiid, mzaliwa wa Cameroon anayecheza Philadelphia, alikuwa wa pili katika kura za MVP nyuma ya Nikola Jokić wa Denver, na kwa sababu wote wawili ni masenta na kikosi cha kwanza kilikuwa na nafasi moja tu ya senta, Embiid akashushwa mara zote mbili mpaka kikosi cha pili, ingawa kura za waandishi walewale zilisema ni watu wawili tu bora katika ligi na yeye ni mmoja wao. Ilikuwa ni kasoro ileile ya mwaka 1962, isipokuwa safari hii ilikuwa ndani ya baraza moja. Kuanzia msimu wa 2023–24 Kikosi Bora huchaguliwa bila kujali nafasi, na mchezaji wa aina yoyote anaweza kuingia.

Msimu huohuo ulileta sharti jingine lililokubaliwa na ligi pamoja na chama cha wachezaji, kwamba anayetaka kufikiriwa kwa MVP, Mlinzi Bora, Kikosi Bora na baadhi ya tuzo nyingine lazima awe amecheza michezo isiyopungua 65 kati ya 82, na kila mchezo kwa dakika 20 au zaidi, isipokuwa michezo miwili inayoweza kuwa na dakika 15. Lengo lilikuwa kuwarudisha uwanjani nyota waliozoea kupumzishwa, lakini Bill Walton wa mwaka 1978 asingeruhusiwa hata kutajwa. Embiid, aliyekuwa MVP wa 2023, aliumia goti akacheza michezo 39 na kutoka katika hesabu. Tyrese Haliburton wa Indiana, ambaye mkataba wake ungepanda kwa zaidi ya dola milioni 40 kama angeingia katika Kikosi Bora, aliumia msuli wa paja mwezi Januari 2024, akaikosoa kanuni hiyo hadharani, akarudi uwanjani na kumaliza akiwa na michezo 69, kisha waandishi wakamweka katika kikosi cha tatu na fedha akazipata. Katika shauri la Haliburton daktari wa timu, kalenda na mhasibu walikuwa na sauti kabla ya mwandishi kushika kalamu, na wachezaji wa timu nyingine za NBA, waliomkabili msimu mzima, hawakuulizwa.